Sehemu ya 23 Haijafika

MJI KASORO BAHARI
Na Zuhura Mkude

Wiki iliyopita nilipanda daladala ya kutoka Bigwa kuja mjini. Binti niliyekaa naye siti moja alikuwa ameinamia simu tangu tulipoondoka, kidole gumba kinasukuma maneno juu, midomo inacheza kama ya mtu anayesali. Nikachungulia. Juu kabisa palikuwa na picha ya mwanamke aliyejifunga khanga, jina la hadithi kwa herufi nyekundu, na neno ambalo mwenye simu yeyote hapa Morogoro analifahamu: CHOMBEZO, yaani hadithi ya mambo ya chumbani inayouzwa sehemu kwa sehemu. Ndani ya hadithi, mlango unagongwa, mume amerudi safari kabla ya siku yake, kijana wa watu hana pa kujificha. Hapo maneno yakakatika. Ikafuata mistari miwili: itaendelea, na anayetaka kuimaliza atume buku jero kwenye namba ifuatayo. Hatujafika hata stendi, binti ameshaingiza namba ya siri.

Sikumwambia kitu. Ningemwambia nini, na mimi mwenyewe nimeshalipa? Mwaka jana nilituma elfu tatu kwa hadithi niliyoahidiwa kuwa ina sehemu 40. Zilikuja 22. Nilipoulizia ya 23 nikajibiwa kwamba mtunzi anaumwa, nikampa pole kwa moyo mweupe. Wiki ya pili nikauliza tena. Sikujibiwa, na picha yake ikatoweka kwenye simu yangu. Alikuwa amenizuia. Elfu tatu si hela ya kumpeleka mtu polisi, na biashara hii imejenga nyumba yake juu ya ukweli huo. Watu mia wakidhulumiwa elfu tatu tatu, hakuna hata mmoja atakayepoteza siku yake kituoni.

Kilichoniuma zaidi ni hadithi yenyewe. Ilikuwa ya hapa kwetu, na ndiyo iliyonivuta. Mhusika mkuu, Zamda, amepanga chumba Mwembesongo, anauza karoti na kabichi zinazoshushwa kutoka Mgeta. Nikasema, haya, leo kuna mtu ametuandika. Sehemu ya 6, Zamda anakutana na mpenzi wake jioni, wanatembea ufukweni, mawimbi yanawalowesha miguu. Ufukweni, Morogoro! Mji ambao watu wake wenyewe wanauita Mji Kasoro Bahari, na safu hii imechukua jina hilo hilo.

Nikarudi mwanzo, nikaisoma upya polepole. Sehemu ya 9 Zamda anaitwa Salha mara mbili. Baba yake aliyezikwa sehemu ya 2 anapiga simu sehemu ya 14 kuulizia mahari. Kumbe hadithi ilikuwa ya mtu mwingine, ya Tanga au Mombasa huko, imebadilishwa majina ya mitaa na kupachikwa bei. Na kava lake lilikuwa na picha ya dada mmoja wa tangazo la mafuta ya nywele, imekatwa jina la bidhaa na kutiwa maandishi mekundu. Sidhani kama dada yule anajua kwamba uso wake unauza mambo ya uvunguni kwenye simu za Morogoro.

Nimeanza na hayo kwa makusudi. Chombezo likitajwa kwenye vikao vya wazazi, msikitini au kanisani, linalolaaniwa ni lile tendo la chumbani. Mimi naona tumeshika mkia tukaacha ng'ombe. Wizi wa kazi, ahadi ya uongo, uandishi wa ovyo na bei iliyofichwa mpaka msomaji ameshanasa, hayo hayasemwi. Ukimwondolea mtunzi wa aina hii mambo ya chumbani, kesho ataandika hadithi ya majini au ya mganga, na atakuibia vile vile.

Mambo ya watu wazima hayakuanza na simu. Bibi yangu mzaa mama alikuwa wa Matombo, upande wa mashariki wa Uluguru. Kwa Waluguru ukoo hupitia kwa mama, kwa hiyo kumfunda binti ilikuwa kazi ya bibi na wanawake wa ukoo, na hawakuficha jambo. Mwali aliwekwa ndani, akafundwa kwa nyimbo, kwa mafumbo, kwa ngoma, na kwa kitu cha kushika mkononi: mwana hiti, kinyago kidogo cha mti chenye kiwiliwili kirefu na shungi kichwani, kinachojulikana kuanzia milima yetu hii, kwa Wakwere, hadi kwa Wazaramo. Hayo nayo yalikuwa masimulizi yenye picha. Lakini yalikuwa na mlango. Anayeingia alijulikana, anayefunda alijulikana kwa jina na kwa ukoo, na kama alifunda uongo angekutana na mama wa mwali kesho yake njiani. Sidai turudi huko. Wali wengi walitolewa ndani wakaozwa wakiwa bado watoto, na desturi hiyo siililii. Ninachokililia ni mlango.

Chombezo halina mlango. Mtoto wa darasa la sita akishika simu ya mama yake anasoma kile kile anachosoma mtu wa miaka 40. Ile alama ya 18+ iliyobandikwa pembeni ya kava haimzuii mtu. Imewekwa kama pilipili kwenye mhogo, ili mate yatoke. Na anayeuza hana jina. Ana namba tu, na laini ikifungwa hata namba hana tena.

Kuna watakaonijibu kwamba fasihi safi haihitaji mambo hayo kabisa. Wakumbuke Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi. Kitabu kile kilipotoka mwaka 1971 kilizuiwa mashuleni kwa sababu ya yaliyomo ndani yake, na miaka ilipopita shule zile zile zikakifundisha. Kezilahabi aliandika kuharibika kwa binti aliyelelewa kwa fimbo na hofu, asijue lolote juu ya wanaume mpaka alipotoka nje ya himaya ya baba yake. Kila tukio la chumbani mle lina kazi yake. Ukiliondoa, kisa kinaanguka. Jaribu kufanya hivyo kwa chombezo la Zamda. Ondoa matukio yote ya chumbani, utabaki na kabichi za Mgeta na bahari isiyokuwepo. Na marufuku haikuishia kwa Kezilahabi: mwezi Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 mashuleni kwa hoja ya maadili, vikiwemo vile vya michoro vya Diary of a Wimpy Kid. Vitabu vina mwandishi, mchapishaji na anwani, kwa hiyo ni rahisi kuvikamata. Sehemu ya 11 ya chombezo haina anwani, na siku ile ile ya marufuku ilikuwa inasomwa nyuma ya darasa.

Sisi si wageni wa hadithi za picha. Wazazi wetu walisoma African Film, jarida la picha za kupigwa kwa kamera lililotolewa na kampuni ya Drum, ambamo mpelelezi Lance Spearman alipambana na wahalifu huku kofia yake iko palepale. Faraji Katalambulla, yule mwandishi wa riwaya ya Simu ya Kifo ya mwaka 1965, akatuletea Film Tanzania kwa mtindo huo huo, kwa Kiswahili, na sura za watu wa hapa. Kisha likaja jarida la Sani la Saidi Bawji na Nico ya Mbajo, na wahusika wake akina Ndumilakuwili, Kipepe na Lodilofa, ambao watu wa rika langu tunawakumbuka kuliko wanafunzi wenzetu. Sani halikuwa jarida la watakatifu. Lilikuwa na walevi, mahawara na matusi ya kuchorwa. Lakini ulilinunua kwa muuza magazeti unayemjua, bei imeandikwa juu yake, ukalifungua ukaona michoro iliyotoka mkononi mwa mtu aliyekaa, akafikiri, akachora. Kipepe hakuwahi kuitwa jina lingine katikati ya ukurasa.

Na mji huu umeyaimba mapenzi tangu zamani bila kuona haya. Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba, kisha Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, waliimba hamu, wivu na kuachwa, na redio moja ikasikilizwa na nyumba nzima, kuanzia babu hadi mjukuu. Ufundi ulifanya kazi ya pazia. Mkubwa alisikia lake na mtoto alisikia lake.

Wenzetu Wajapani wamepita njia hii kabla yetu. Wana riwaya za picha za kusomwa kwenye kompyuta: maneno yanapita chini, sura za wahusika ziko juu, na kila baada ya muda msomaji anachagua jibu, kisa kikageuka kulifuata. Nyingi ziliuzwa kwa ngono tangu mwanzo. Mwaka 1991 kulitokea kashfa kubwa iliyouhusu mchezo mmoja wa aina hiyo, Saori, na mwaka uliofuata watengenezaji wenyewe wakaunda chombo cha kukagua kazi zao na kubandika alama ya umri. Walijikagua kwa sababu waliona biashara yao yote itazama na wachache. Halafu likatokea jambo ambalo natamani kila mtunzi wa chombezo alijue. Watengenezaji wa kampuni ya Key, walioanza na kazi ya watu wazima iitwayo Kanon mwaka 1999, walitoa Clannad mwaka 2004 bila tukio hata moja la chumbani. Wasomaji hawakukimbia, na Clannad ikawa miongoni mwa kazi zao zinazopendwa zaidi. Walichokuwa wanakifuata ni kisa.

Si kwamba huko nje kote ni kuzuri. Zipo programu za Marekani, kama Choices na Episode, ambazo vijana wetu wanazo kwenye simu. Humo hadithi ni ya bure mpaka ufike pale moyo unapodunda. Mhusika wako ameombwa aingie ndani, na jibu tamu linagharimu almasi au vito vya humo ndani. Usipokuwa navyo unapewa jibu la mtu baridi, hadithi inaendelea huku umeachwa mlangoni. Vito hivyo hununuliwa kwa hela halisi. Ukitafakari utaona ni buku jero ile ile ya kwenye daladala, ila imevaa suti. Tofauti ni kwamba kule sura inayofuata inakuja.

Kuhusu sheria nitasema machache. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza ponografia, na anayeuza picha za utupu kwa jina la hadithi asijifiche nyuma ya sanaa. Lakini serikali nayo ijitazame. Mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni zilimtaka hata mwenye blogu ndogo alipie leseni, na ada za mwaka wa kwanza zilipita shilingi milioni 2. Mwandishi gani wa hadithi alikuwa na milioni 2? Kanuni zimebadilishwa tangu hapo, ila kwa maoni yangu hasara ilishaingia. Waandishi waliokuwa na jina, na ukurasa ambao msomaji angeweza kurudi kulalamika, walivunjwa moyo, na uwanja wakaachiwa wenye namba za simu. Ukimtoza mwaminifu na kumwacha asiye na jina, umeshachagua nani aandike.

Sasa nasema na nyinyi watunzi, maana najua mpo na mnasoma gazeti hili. Mko Kihonda, Mafiga, Chamwino, wengine mko vyuoni pale SUA na Mzumbe, na wengine mna vipaji ambavyo nimeviona kwa macho yangu. Andikeni mapenzi, hata ya chumbani kama kisa kinayataka, kwa watu wazima na mahali ambapo mtoto hafiki. Maliza hadithi kabla hujaanza kuiuza. Bei na idadi ya sehemu iweke kwenye sehemu ya kwanza, si pale mlango unapogongwa. Acha picha za wanawake wa watu. Vijana wanaochora mabango ya saluni na migongo ya bajaji hapa mjini wana mikono ya kukuchorea kava, ukimlipa mmoja wao naye atakula. Weka jina lako. Kaisajili kazi yako COSOTA, kwenye ofisi ya hakimiliki, ili mwizi akiipeleka Tanga na kuitia bahari uwe na pa kushika.

Na wewe msomaji, binti wa daladala ukiwemo, usimlipe mtu asiyekwambia mwisho uko sehemu ya ngapi. Buku jero ni nauli yako ya kwenda na kurudi na chenji ya andazi.

Mtunzi wa Morogoro mwenye hadithi iliyokamilika, yenye picha alizozilipia na jina lake juu ya kava, ailete kwenye ofisi za gazeti hili. Nitainunua kwa bei aliyoiandika, nitaisoma hadi ukurasa wa mwisho, na ikiwa nzuri nitalitaja jina lake hapa, Jumamosi inayofuata.