Mazungumzo ya Barazani: Kwa Baisikeli toka Lugoba mpaka Kilema

Mwezi uliopita twaliahidi kuandika habari za watoto wakati wa mavuno. Maneno hayo yatakuja, Mungu akipenda, katika toleo lijalo. Leo twaomba ruhusa tuyaweke kando, kwa sababu watu wengi wa vigango vyetu wanatuuliza habari ya safari yetu ya mwezi wa Julai, na wengine wamekwisha kuitia chumvi, hata imesemwa kwamba katekista wa Lugoba alipanda mlima Kilimanjaro kwa baisikeli. Hatukupanda mlima. Tulifika Kilema tu, na sehemu ya mwisho baisikeli hatukuipanda, tuliisukuma.

Asili ya jambo hili ni ya zamani. Mwalimu wetu wa darasa la nne, hapa Lugoba, alikuwa Mchaga wa Kilema. Siku moja alichora ubaoni njia ya kwenda kwao, toka Lugoba mpaka Msata, akavuka mto Wami, akapita Mkata na Segera na Korogwe, akafuata milima ya Usambara na ya Upare, hata chaki ikamwishia mkononi. Akauliza, "Nani atakuja kunitembelea?" Watoto wawili waliinua mikono, sisi na mtoto wa Kizigua tuliyekaa naye dawati moja. Tukasema, "Tutakuja sote kwa baisikeli, Mwalimu." Darasa zima likacheka, na mwalimu naye akacheka. Basi miaka ikapita, mwalimu akastaafu akarudi kwao. Mwaka huu mwanawe alitupigia simu kutuambia kwamba baba yake haoni tena, na kwamba anauliza kama wale watoto wa baisikeli wangali hai.

Tulikwenda kumwambia yule mwenzetu wa dawati. Yeye ni Mwislamu, na kazi yake ni kuchukua abiria kwa pikipiki kati ya Lugoba na Msata. Sisi ni Mkwere, yeye Mzigua, na utani wa wazee wetu tumeurithi mzima. Tulipomweleza nia yetu alicheka mpaka akaketi chini. Akatuuliza umri wetu, tukamjibu miaka arobaini na sita. Akauliza umri wa baisikeli, tukanyamaza. Asubuhi yake alikuja nyumbani na karatasi mkononi, ameandika madumu mawili ya maji, pampu, spana, viraka, solusheni, tyubu mbili, spoku kumi na mbili, sufuria ya uji. Akasema, "Nitakufuata nyuma. Maiti ya Mkwere huzikwa na mtani wake, na mimi sipendi kuitwa Same usiku kuja kukuchukua."

Tuseme kweli, hatukufurahi. Twalitaka kwenda peke yetu, tena twalitaka isemwe kwamba tulikwenda peke yetu. Na palikuwa na sababu nyingine, ya kale, iliyotufanya tusipende kukaa siku tano njiani na mtu huyo. Tutaifikia.

Tangu aliposema neno lile tumefikiri sana habari za watu waliosafiri mbali kwa baisikeli. Thomas Stevens ndiye mtu wa kwanza kuizunguka dunia kwa chombo hicho, miaka ya 1884 mpaka 1886. Mwaka 1889 alifika pwani yetu hii kumtafuta Stanley, na huku kwetu aliingia bara kwa miguu, na mizigo yake ikachukuliwa na wapagazi. Jina la Stevens tunalo. Majina ya wapagazi wale ni nani ayajuaye? Yuko na Mpolandi mmoja, Kazimierz Nowak, aliyetoka Tripoli mwaka 1931 akaenda mpaka ncha ya kusini ya Afrika, akarudi na kufika Algiers mwaka 1936, njia ya kilometa kama 40,000, zaidi kwa baisikeli, pengine kwa farasi, ngamia na mtumbwi. Huyo husemwa alikwenda peke yake. Lakini mkewe alikuwa nyumbani, akipokea barua na picha zake na kuzipeleka magazetini, na fedha ya magazeti ndiyo iliyowalisha. Na tangu mwaka 2003 kuna kundi la wapanda baisikeli ambalo husafiri kutoka Cairo mpaka Cape Town na kupita katika nchi yetu, na malori hubeba mizigo na vyakula vyao. Hao angalau hawafichi malori yao.

Basi Jumanne, kabla ya jua, tuliondoka. Mke wetu alitupa maandazi, na mama wa mtani wetu akatupa dua. Mtani alikuwa nyuma yetu kwa pikipiki, mwendo wa kobe, na kwanza tuliona haya, maana watu wa Msata walisimama wakatazama kama wanaotazama arusi. Lakini kabla ya kufika Wami tulikwisha kuijua faida yake. Barabara ile ni ya malori na mabasi ya Tanga, Moshi na Arusha, na mwenye baisikeli hana macho ya nyuma. Lori likija, mtani alipiga honi mara mbili, nasi tukatoka kwenye lami. Likiwa ni gari dogo alipiga mara moja, nasi tukakaza mkono wa kushoto. Kila saa alitupita, akatungojea mbele chini ya mti na kikombe cha maji yaliyotiwa sukari na chumvi kidogo. Tulipokataa kunywa kwa kuwa hatuna kiu, alisema, "Kiu ikikufika wewe, mimi nimekwisha kuchelewa."

Wenye kuijua Wami ya zamani watakumbuka mteremko ule na daraja lake jembamba, gari moja likivuka na mengine yakingoja. Sasa liko daraja jipya, urefu wake hupita mita 500, nalo lilianza kupitisha magari mwaka 2022. Tulilipita kwa raha kubwa. Tukalala Mkata. Jumatano tukapita Kabuku, tukala machungwa Michungwani, tukalala Korogwe, na miguu yetu usiku ule ilikuwa kama magogo. Mtani alichemsha maji akatukanda. Tulimwambia aache, kwa maana naye amechoka, akasema hakandi miguu ya katekista, anakanda mashine.

Alhamisi tulishika njia ya Mombo, mashamba ya mkonge huku na huku, Usambara mkono wa kuume, na kando yetu reli ile iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ikafika Moshi mwaka 1911. Tulipokwisha kupita Mombo, jua likiwa kichwani, gurudumu la nyuma lilianza kulia. Spoku tatu zimekatika, na ringi inayumba.

Hapa ndipo twalazimika kurudi nyuma miaka ishirini na tisa. Tulipokuwa na umri wa miaka kumi na saba, twalitaka kwenda Bagamoyo kwa sikukuu ya misioni, na hatukuwa na nauli. Mwenzetu alitupa baisikeli ya baba yake pasipo baba kujua. Njia ya Msata mpaka Bagamoyo ilikuwa ya udongo wakati ule, na katika kurudi, karibu na Kiwangwa kwenye mashamba ya mananasi, tulikipiga kisiki, ringi ikakunjika. Tuliiburura usiku mpaka Lugoba. Tukaiegemeza nyuma ya nyumba yao, tukaenda kulala, wala hatukumwamsha mtu. Asubuhi ilikuwa Jumapili. Tulipopita njiani tulisikia fimbo, tena tulisikia sauti ya mwenzetu akisema, "Ni mimi, baba, niliipanda mimi." Tukapita. Tukaenda kanisani.

Tangu siku ile hatukulisema neno hilo kwake. Tumekula naye, tumezika naye, alikuja arusini kwetu, nasi kila mwaka twawaandaa watoto kwa Kitubio cha kwanza na kuwafundisha namna ya kusema, pasipo kuzungukazunguka, lile walilotenda. Padre tulimwambia zamani. Yeye aliyepigwa hatukumwambia.

Basi mtani aliigeuza baisikeli juu chini katika kivuli cha mgunga, akalizungusha gurudumu, akafumba jicho moja kuitazama ringi. Akasema, "Hii imekwenda upande kama ile ya marehemu baba."

Hatukujibu.

"Ile uliipiga wapi hasa? Miaka yote hii nataka kujua."

Tukasema, "Kiwangwa."

"Kisiki?"

"Kisiki."

"Mimi nilidhani korongo," akasema, akaendelea kukaza spoku.

Tulipoweza kusema tulimwuliza kwa nini hakututaja kwa baba yake. Akajibu bila kuinua kichwa, "Baba yako ndiyo kwanza alikuwa ametoka hospitali. Ningekutaja, baba yangu angekwenda kwenu asubuhi ileile. Nilihesabu, nikaona fimbo zangu zitakwisha saa ileile, na wazee wakigombana hawatasalimiana mpaka kufa." Tukamwomba radhi. Tuliomba vibaya, maneno yetu yote ya mimbari yalitukimbia. Alisikiliza mpaka mwisho, akapangusa mikono, akasema, "Faini ipo. Ringi moja mpya. Si kwangu, kwa mama, maana baba hayupo. Sasa nimiminie maji." Akatawadha kwa maji ya dumu lile tulilokuwa tukinywa, akaswali Adhuhuri kando ya barabara, nasi tukashika baisikeli isianguke.

Usiku ule tulilala Hedaru. Ijumaa tulifika Same mapema, yeye akaenda msikitini, sisi tukalinda pikipiki. Jumamosi ndipo tulipoonja upepo wa nchi ile. Hushuka kwa vishindo katika mapengo ya milima ya Upare, na vumbi lake huingia menoni. Mara tatu ulitutoa kwenye lami. Hapo mtani aliacha kukaa nyuma, akaja mkono wetu wa kuume, pikipiki na madumu yake yakawa ukuta, na hivyo akasimama yeye kati yetu na magari. Dereva mmoja wa lori alimtukana kwa haki kabisa. Tulimsihi arudi nyuma, akajifanya hasikii kwa sababu ya upepo. Macho yetu yalitoka machozi siku ile, na wanaotuuliza twawaambia ni vumbi.

Kutoka Himo njia yapanda. Misioni ya Kilema ilizaliwa katika safari ya mwaka 1890, Askofu de Courmont na Padre Le Roy walipokuja toka pwani na wapagazi wao, nasi tuliwafikiria sana wapagazi wale tulipokuwa tukisukuma chuma kupanda katikati ya migomba na mibuni, huku mtani anatuuliza kila kona kama tungependa azikwe Mkwere huku huku baridini.

Mwalimu wetu alikuwa ameketi uani katika kiti cha miti, blanketi begani. Tulimwamkia shikamoo, akatujua kwa sauti, na mtani akamjua upesi kuliko sisi. Akaomba baisikeli iletwe. Akaipapasa tangu usukani mpaka keria, akalishika gurudumu la nyuma, akasema kuna fundi ameligusa karibuni. Kisha akauliza nani aliyekuja nayo. Mtani akasema, "Huyu, Mwalimu. Mimi nilibeba maji kwa pikipiki."

Mwalimu akakunja uso. "Mliniahidi wawili. Nyote mlisema baisikeli."

Hatukuwa na jibu. Akamwamuru mtani aipande. Basi yule mtu mzima, mwenye mvi, baba wa watoto watano, alikunja suruali akaizunguka nyumba mara tatu, kuku wakikimbia, wajukuu wakipiga makofi, na mzee ameinamisha sikio kusikiliza mlio wa cheni. Mzunguko wa tatu ulipokwisha alisema, "Haya. Sasa mmefika," akaagiza ndizi ziletwe.

Tulikaa naye siku mbili. Jumapili tulipokwenda Misani, mtani alibaki akimsomea mwalimu gazeti. Kurudi hatukupanda baisikeli. Iliwekwa katika buti ya basi, nasi tukarudi nyuma ya pikipiki, na juu ya maumivu ya safari hiyo hatutaandika neno. Fedha ya petroli tuligawana. Siku zake za kazi zilizopotea alikataa kata kata kulipwa.

Juma lililofuata tulikwenda Chalinze tukanunua ringi mpya. Tukaipeleka kwa mama wa mtani wetu, tukapiga magoti, tukamweleza yote tangu Kiwangwa. Mama alitusikiliza. Akasema mzee alikuwa mkali lakini alipenda sana baisikeli ile. Kisha akaigeuza ringi mikononi, akauliza aifanyie nini, maana nyumba yake haina baisikeli tangu miaka kumi iliyopita. Hatukuwa tumelifikiri hilo. Alipoiegemeza ukutani wajukuu wakaiona, na jioni ile, tulipokuwa tukirudi kupiga kengele ya sala, walitupita mbio njiani wakiisukuma kwa kijiti.