Land Rover Kuukuu Isomwe Kabla ya Kupimwa kwa Kilo

Msafiri aendaye Zambia kwa barabara kuu hupita Vwawa, kisha hufika Tunduma, mji wa mpakani wa Mkoa wa Songwe. Akitupa macho nyuma ya gereji na katika nyua za watu, huenda akaona gari lisilo na magurudumu, limemezwa na magugu, na kuku wanataga ndani yake. Mara nyingi gari hilo ni Land Rover. Halikufika huko kwa bahati. Barabara hiyo ilikuwa ya vumbi na matope wakati walowezi wa Rhodesia walipojitangazia utawala wao tarehe 11 Novemba 1965, na mafuta ya Zambia yakalazimika kusafirishwa kwa malori kutoka Dar es Salaam. Katika njia ya namna hiyo, gari linalosukumwa na magurudumu yote manne lilikuwa na thamani yake.

Leo mnunuzi wa vyuma chakavu hulipima kwa kilo. Kwa maoni yangu, mzani huo unatunyang'anya maabara, na shule ya sekondari iliyo jirani na gari kama hilo ingefanya vema kuliomba mapema.

Kazi ya kwanza ni kulitambua, na hapa wengi hupotoka kwa kutazama taa. Ni kweli kwamba taa kubwa zilikaa katikati, mbele ya rejeta, hadi mwishoni mwa miaka ya 1960, ndipo zikahamishiwa kwenye madigadi. Lakini bodi ya Land Rover imefungwa kwa bolti, na mafundi wetu wamehamisha vipande kutoka gari hadi gari kwa miaka mingi. Gari laweza kuwa na uso wa mwaka 1972 na mifupa ya mwaka 1962. Basi na tupime umbali kati ya kitovu cha gurudumu la mbele na cha lile la nyuma. Sentimeta 224 ni inchi 88, na sentimeta 277 ni inchi 109; ndizo aina mbili zilizoenea. Kisha tukwangue kutu polepole kwenye kishikio cha springi ya mbele, upande wa kulia, ambapo namba ya chasisi iligongwa. Namba ya Series IIA ianzayo na 252, kwa mfano, ni ya gari refu la petroli, lenye usukani wa kulia, lililotengenezwa kwa soko la ng'ambo. Kumbukumbu za kiwanda zimehifadhiwa Gaydon, Uingereza, na mwenye namba anaweza kuomba cheti.

Mwalimu wa kemia naye asikose kufika. Bodi ni aloi ya alumini, kwa kuwa gari hili lilipozinduliwa mwaka 1948 chuma cha pua cha mabamba kilikuwa haba Uingereza baada ya vita. Chasisi ni ya chuma. Metali hizo mbili zikigusana penye unyevu huwa betri ndogo, na alumini ndiyo iliwayo. Mwanafunzi ataona unga mweupe kando ya bolti, na hatausahau.

Mwalimu wa hesabu apewe injini. Silinda nne, kipenyo milimita 90.47, mwendo wa pistoni milimita 88.9: jibu ni sentimeta za ujazo 2286.

Kuhusu kuifufua, adui ni haraka. Plagi zitolewe, oili kidogo itiwe katika kila silinda, iachwe ilale, kisha injini izungushwe kwa hendeli, kwa mkono, bila betri. Petroli ya zamani imwagwe. Tena itazamwe ncha ipi ya betri inafungwa kwenye bodi, maana hadi karibu mwaka 1967 ilikuwa ncha chanya. Mimi mwenyewe niliwahi kufunga ncha hasi kwa mazoea, nikaunguza kidhibiti cha dainamo mbele ya vijana waliokuwa wamenipa heshima ya ufundi.

Watu watasema hili halimo katika mtihani. Lakini wanafunzi hupelekwa kutazama kimondo cha Mbozi, chuma cha takriban tani 16, na hakuna aulizaye kama kimo katika mtihani. Jambo la kuhofia zaidi ni usalama. Chasisi hulika kutokea ndani, matope yakiwa yamejificha humo. Igongwe kwa nyundo ndogo kutoka mwanzo hadi mwisho. Iliyotoboka isirudi barabarani hata injini ingurume vizuri namna gani. Gari la namna hiyo likalie mawe uani mwa shule, boneti wazi, na zamu ya kuzungusha hendeli iandikwe ubaoni.