Mwandishi wa watoto atafika Isiolo lini?

Hebu chukua kalenda ya mwandishi wa vitabu vya watoto hapa Kenya uifuate mwezi baada ya mwezi. Februari 21 ni Siku ya Lugha ya Mama. Machi 27 ni Siku ya Maigizo Duniani. Aprili 2 ni siku ya vitabu vya watoto, ambayo ndiyo siku aliyozaliwa Hans Christian Andersen, na Aprili 23 ni ya vitabu kwa jumla. Aprili hiyo hiyo wanafunzi huwa jukwaani katika tamasha za kitaifa za drama. Juni 16 ni ya Mtoto wa Afrika, Julai 7 ya Kiswahili. Septemba ikifika ni Maonyesho ya Kimataifa ya Vitabu ya Nairobi pale Sarit Centre, na msimu huo huo tamasha ya fasihi ya Macondo. Katikati ya hayo kuna uzinduzi wa vitabu, warsha, usiku wa tuzo, na zile jioni za kwenda kutazama mchezo katika Ukumbi wa Kitaifa uliofunguliwa 1952.

Ni mwaka mtamu, na hatumwonei gere mwandishi anayeuishi. Lakini sasa twaa kalamu uweke alama kila mahali shughuli hizi zinapofanyika. Westlands. Barabara ya Harry Thuku. Westlands tena. Mombasa, mara moja moja. Tamasha za drama angalau huhamahama, na mwaka 2025 zilikuwa Nakuru. Isiolo huioni.

Wazee wa Marsabit na Moyale wakipanda gari kuelekea kusini walikuwa wakisema, bila mzaha wowote, kwamba wanaenda Kenya. Isiolo ndiyo ilikuwa mlango. Hapa ndipo lami ilipokomea kwa miaka na mikaka, na aliyetaka kuendelea alijifunga kitambaa puani na kujiombea. Siku hizo zimepita. Lami sasa inatoka Isiolo hadi Moyale, takriban kilomita 500, na kutoka Nairobi kuja mjini Isiolo ni karibu kilomita 280 tu. Ukitoka asubuhi, chakula cha mchana unakula hapa. Kwa hivyo tusidanganyane kuhusu barabara.

Na kama ni vitabu kufika, vinafika. Tangu 2018 wachapishaji hupeleka vitabu vya kiada vya serikali moja kwa moja hadi shuleni, Merti na Sericho zikiwemo. Dereva wa lori anaijua njia. Garissa nako, Huduma ya Maktaba ya Taifa ilianza kupakia vitabu juu ya ngamia mwaka 1996 ili kuwafuata wafugaji waliko, na Wajir pia ikapata maktaba ya aina hiyo. Kitabu kimeshapanda ngamia. Mwandishi wake hata basi hajapanda.

Nani anapoteza? Utajibu haraka kwamba ni mtoto. Sisi tungependa kuanza na mwandishi mwenyewe.

Fungua vitabu vya hadithi vya watoto vilivyo shuleni uangalie mvua inafanya kazi gani. Mara nyingi inaharibu mambo. Watoto wanakosa kucheza, nguo zinalowa, mama anakasirika kwa sababu ya matope. Sasa msomee hadithi hiyo mtoto wa Oldonyiro au Kinna, ambaye aliona mvua ikikosa misimu mitano mfululizo, tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwisho wa 2022, na mifugo ya kwao ikiisha mmoja mmoja. Huyo mtoto atakutazama tu. Kwake mvua ni baba kurudi nyumbani na maziwa kurudi kwenye kibuyu. Ngamia naye? Yuko kwenye ukurasa wa alfabeti, N ya ngamia, basi. Mtoto wa huku anamjua ngamia kwa jina lake, anajua ni wa nani, ana mimba au hana, na yupi hapendi wageni. Mwandishi akiketi darasa moja tu la Bulla Pesa, asikie Kiborana, Kisomali, Kiturkana, Kisamburu na Kimeru vikikutana katika Kiswahili cha mtaani, ataondoka na hadithi ambazo hakuna warsha ya Nairobi itakayompa. Marehemu Ken Walibora alimtoa kijana wake wa Siku Njema Tanga akamleta Kenya kumtafuta babake. Wahusika wa vitabu vyetu wanasafiri kuliko watu wanaoviandika!

Halafu kuna mtoto. Ulizia katika shule yoyote ya msingi mwandishi ni mtu wa aina gani, utasikia mambo. Wengi wanadhani amekufa zamani, au ni mashini fulani huko Nairobi. Siku akimwona mtu mzima amesimama mbele yake, viatu vimejaa vumbi kama vya mwalimu, akisema kitabu hiki nilikiandika mimi, kuna kitu kinamfungukia. Anaanza kuuliza. Ulilipwa pesa ngapi? Kwa nini ulimuua mbuzi? Ni hadithi ya kweli? Swali la mbuzi ndilo lenye thamani, kwa sababu aliyeuliza ameshaanza kuwaza kwamba hadithi ingeweza kwenda njia nyingine.

Maigizo ni vivyo hivyo. Wewe uliyemaliza Kidato cha Nne, jiulize mara ya mwisho ulitazama mchezo wa kuigiza lini. Kama ni kile kikundi kilichokuja shuleni kuwaigizia kitabu cha kutahiniwa, labda Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, hauko peke yako. Mlilipa, mkacheka, mkaandika maswali na majibu, mtihani ukaisha, na uhusiano wenu na jukwaa ukaishia hapo. Tunawashukuru waigizaji hao, maana wengine hata hawaji. Lakini mtoto ambaye mchezo wa kwanza maishani mwake ni marudio ya mtihani ataona jukwaa lote ni marudio ya mtihani.

Tunajua jibu litakalokuja. Watu wanataka maji, nyinyi mnaleta habari za hadithi? Swali ni la haki, hasa kaunti hii. Maji kwanza, ndiyo. Ila pesa tunazozungumzia ni nauli ya mtu mmoja, malazi ya siku mbili, na soda. Semina moja ya maafisa wa kaunti zetu katika hoteli ya Mombasa ingezunguka na waandishi watano mwaka mzima. Tena jukumu lenyewe liko wazi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti kazi ya maktaba, makavazi na shughuli za utamaduni. Halikusema baada ya barabara zote kuisha.

Hapa ndipo tunakuhitaji wewe. Kaunti hii ilikuwa na watu 268,002 katika sensa ya 2019, wengi wao wa rika lako au chini yake, lakini katika vikao vya umma vya bajeti utawakuta wazee, wanasiasa na vijana wawili wanaoshika maikrofoni. Makadirio ya bajeti hufika bungeni kufikia Aprili 30 na mwaka mpya wa pesa huanza Julai 1. Nenda. Keti mbele. Wengine wakishaomba kalvati na basari, simama uombe siku 2 za mwandishi wa watoto katika kila wadi, kuanzia Wabera hadi Cherab. Watacheka, bila shaka. Mwakilishi wadi atacheka wa kwanza kisha atauliza ni shilingi ngapi, na hapo ndipo utakuwa umempata.

Vitabu ni ghali, hilo halina ubishi. Tangu sheria ya VAT ya 2013 vinatozwa kodi ya asilimia 16. Lakini usingoje. Hadithi za African Storybook ziko bure kwenye intaneti, za Kiswahili zipo, za Kiturkana zipo. Wewe unayesubiri chuo nyumbani una simu na una Jumamosi. Kusanya wadogo zako na wa majirani, wasomee, kisha waambie waigize. Usione aibu.

Na asije mtu akasema Isiolo haina ukumbi. Mwaka 1977 wanakijiji wa Kamirithu, kule Limuru, walijijengea jukwaa mahali pa wazi wakaigiza Ngaahika Ndeenda pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Serikali ililiogopa jukwaa hilo kiasi cha kupiga mchezo marufuku baada ya wiki chache, na mwaka 1982 ikalibomoa. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 28, 2025, aliwaandikia watoto pia, vile vitabu vya Njamba Nene. Hakusubiri jengo.

Kwa hivyo mwandishi unayesoma haya kutoka Nairobi, kabla hujajaza kalenda ya mwaka ujao, bakiza wiki moja ya muhula wa pili. Njoo saa kumi jioni jua likishapungua. Uwanja wa shule upo, na viti watoto watavitoa wenyewe darasani.