Masai Ujiri: Tatizo Halikuwa Mkwanja, Tatizo Lilikuwa Saa ya Kuutoa

Kila soko la NBA likifunguliwa, mitandao inageuka ofisi ya uhasibu. Jina la mchezaji linapita na tarakimu zake, watu wanaona milioni kadhaa za dola, na hukumu inatoka hapo hapo: meneja kapigwa! Mkataba wenyewe utafanya kazi gani, hayo baadaye.

Masai Ujiri amekula sana hukumu za aina hiyo. Jamaa, ambaye mama yake ni Mkenya na baba Mnigeria, aliingia Toronto Raptors mwaka 2013 kama meneja mkuu, akapanda hadi kuwa rais wa klabu, na Juni 2025 akaonyeshwa mlango. Msimu wake wa mwisho timu ilishinda mechi 30 tu kati ya 82. Kirahisi tu, mtu anasema aligawa hela hovyo.

Ila twende taratibu.

Mwaka 2016 alimpa DeMar DeRozan mkataba wa miaka 5, dola milioni 139. Mkwanja mrefu, halafu LeBron James na Cleveland wakawa wanaitoa Toronto kwenye mtoano mwaka hadi mwaka. Kwa macho ya kawaida, hela imepotea.

Kumbe NBA ina utaratibu wake. Kuna kikomo cha mishahara, na timu iliyokivuka ikitaka kubadilishana wachezaji, mishahara ya pande mbili lazima ikaribiane. Maana yake ni kwamba mkataba mnono ni gharama, sawa, lakini pia ni sarafu. Ukitaka staa anayelipwa vizuri, lazima uwe na mtu anayelipwa vizuri wa kumtoa.

Julai 2018 Ujiri akaitumia hiyo sarafu. Akawatoa DeRozan, Jakob Poeltl na nafasi ya drafti kwenda San Antonio, akawachukua Kawhi Leonard na Danny Green. Kawhi alikaa msimu mmoja tu, akaenda zake Clippers. Lakini kabla hajaondoka, Juni 2019, Toronto ilikuwa imebeba ubingwa wake wa kwanza. Bila ule mkataba wa 2016, Kawhi angepatikana kwa mshahara wa nani?

Sasa lawama halali iko wapi? Iko Februari 2023.

Raptors ilikuwa timu ya katikati, si ya ubingwa wala ya kuanza upya. Ilimaliza msimu na ushindi 41 na vipigo 41. Fred VanVleet alikuwa anakaribia kuwa huru, na huo ndio ulikuwa wakati wa kumuuza. Ujiri akambakiza. Tena akaongeza: akatoa nafasi ya raundi ya kwanza ya drafti ya 2024 kumrudisha Poeltl, mchezaji ambaye klabu yenyewe ndiyo ilimchagua mwaka 2016. Nafasi hiyo baadaye ikaja kuwa ya 8.

Miezi michache mbele, VanVleet akasaini Houston, miaka 3, karibu dola milioni 130. Toronto ikapata nini? Hewa. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.

Hapo ndipo hesabu ilipoharibika. Bahati nzuri Pascal Siakam na OG Anunoby waliuzwa kabla hawajaondoka bure. Lakini mmoja wa waliokuja kwa Anunoby, Immanuel Quickley, alipewa mwaka 2024 mkataba wa miaka 5 unaoweza kufika dola milioni 175, na msimu uliofuata majeraha yakamwacha na mechi 33 tu. Siakam naye akaenda Indiana, na 2025 akacheza fainali za NBA.

Kwa hiyo anayemhukumu Ujiri kwa ukubwa wa hundi anakosea mlango. Hundi kubwa ndiyo iliyomletea pete. Kilichomponza ni kung'ang'ania kikosi ambacho muda wake ulishapita, huku akilipa kana kwamba ubingwa uko kona inayofuata. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari la meneja wa kikapu haliandikwi bei peke yake. Linaandikwa na tarehe.

Alama zake? Kuanzia 2016 hadi 2019 anastahili A bila ubishi. 2023 amefeli, na ni kwa mchezaji aliyeondoka bure kuliko hata kwa hela aliyotoa.

Mdau, tuseme ni wewe Februari ile, timu ni ya katikati na VanVleet anapendwa na mji mzima. Ungemuuza?