Dawa za moyo kwa wazee: Kutoka hospitalini si mwisho wa safari

Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

MZEE anaponusurika mshtuko wa moyo na kuruhusiwa kutoka hospitalini, ndugu humshukuru Mungu, wakampakia kwenye bajaji na kumrudisha nyumbani Majengo. Kwa familia nyingi, hapo ugonjwa umekwisha. Kwa moyo wenyewe, safari ndiyo kwanza inaanza.

Mshtuko wa moyo hutokea pale mshipa unaopeleka damu kwenye msuli wa moyo unapoziba. Sehemu ya msuli hufa, na mishipa iliyobaki inaweza kuziba vilevile. Ndiyo maana mgonjwa huandikiwa aspirini ili damu isigande, statini ya kupunguza lehemu, pamoja na dawa za kushusha shinikizo la damu na kutuliza mapigo ya moyo. Kazi ya dawa hizo ni kuzuia pigo la pili.

Tatizo ni kwamba mgonjwa haoni zikifanya kazi. Akizimeza hajisikii tofauti, na akiacha statini leo, kesho ataamka vilevile. Hali hiyo ndiyo inayowafanya wengi waamini kuwa wamepona.

Utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi 17 na kuchapishwa mwaka 2011 ulibaini kuwa katika nchi maskini, watu wanane kati ya kila kumi waliowahi kuugua moyo au kiharusi hawakuwa wakitumia hata dawa moja kati ya hizo. Katika nchi tajiri, waliokosa zote walikuwa takriban mmoja kati ya tisa.

Hapa nchini, utafiti uliofanyika katika hospitali moja ya kaskazini na kuchapishwa mwaka 2020 uligundua mshtuko wa moyo kwa wagonjwa 152 kati ya 681 waliochunguzwa. Wengi wao hawakuwa wametambuliwa na waliowahudumia, na zaidi ya wanne kati ya kila kumi walifariki ndani ya siku 30.

Muuguzi ni mjukuu

Katika nchi za Magharibi, wazee wengi dhaifu huishi katika nyumba maalumu za kuwatunzia, ambako muuguzi hugawa vidonge kwa saa. Tanzania ina makazi ya wazee ya serikali, kama Nunge jijini Dar es Salaam na Kolandoto mkoani Shinyanga, lakini hayo ni kimbilio la wachache wasio na wa kuwatunza. Mzee wa Ufipa hutunzwa na mwanawe, mkwewe au mjukuu. Msimu wa kilimo ukifika, watu wazima wakishinda shambani, anayebaki na pakiti ya vidonge huenda akawa mtoto wa shule ya msingi.

Wala si kila kidonge kinamfaa kila mzee. Mwaka 2017, watafiti wa Marekani waliwachambua wazee zaidi ya 10,000 wa nyumba hizo waliopata mshtuko wa moyo. Waliopewa dawa za kutuliza mapigo walikuwa na vifo pungufu kwa takriban robo katika siku 90 za mwanzo. Hata hivyo, uwezekano wa wao kushindwa kujihudumia, kama vile kuvaa au kwenda msalani bila msaada, uliongezeka, hasa kwa waliokuwa wamepoteza kumbukumbu au waliokwisha kuwa tegemezi.

Maana yake ni kwamba mzee anahitaji vitu viwili kwa pamoja: dawa isiyokatika, na mtaalamu wa kuitazama upya kila baada ya muda. Kukosa cha kwanza kunaua. Kukosa cha pili kunaweza kumlaza kitandani mzee aliyekuwa akitembea.

Sera na kabati la dawa

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, na Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliwaondolea wazee wasio na uwezo mzigo wa kuchangia matibabu. Novemba 2023, Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Hatua hizo zinastahili pongezi. Lakini msamaha wa malipo haumsaidii mzee anayeambiwa dirishani kuwa dawa imekwisha, akanunue dukani.

Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ipo Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Sumbawanga. Mzee wa Majengo hawezi kuifuata kila mwezi, na kwa dawa hizi hana sababu ya kuifuata. Anachohitaji ni zahanati ya jirani yenye vidonge, kipimo cha shinikizo la damu na daftari lenye jina lake.

Njia nyepesi zaidi ipo. Mwaka 2022, utafiti wa Ulaya uliohusisha wagonjwa 2,499 wenye wastani wa miaka 76 ulionyesha kuwa kidonge kimoja chenye dawa tatu kilipunguza kwa takriban robo vifo vya moyo na mapigo mengine makubwa, kikilinganishwa na matibabu ya kawaida. Mwaka uliofuata, Shirika la Afya Duniani liliviingiza vidonge vya aina hiyo katika orodha ya dawa muhimu. Kidonge kimoja hata mjukuu anaweza kukikumbuka.

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Kwa mzee aliyekwisha kupata pigo la kwanza, kinga hiyo ni kidonge cha kila siku, na haitamfaa iwapo serikali itahesabu wazee waliopewa vitambulisho vya msamaha bila kuhesabu waliopata dawa mwezi huu.