Mifugo kiwanjani humsahaulisha rubani



Natoa maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi wetu vijijini tunalifanyia mzaha, nalo ni usalama wa ndege ndogo zinazotua katika viwanja vyetu vya udongo.

Mwaka jana mwanafunzi wangu wa darasa la nne alianguka kutoka mwembeni akavunjika paja. Ilikuwa masika na barabara imekatika, hivyo ikaletwa ndege ya injini moja kumpeleka hospitali. Ilipokaribia kugusa ardhi, ng'ombe wakaingia kiwanjani. Rubani akaipandisha tena, akazunguka juu ya mashamba, akarudi na kutua salama. Watu waliokuwa pembeni walicheka wakisema rubani huyo ni mwoga. Mimi nami, nakiri, nilicheka.

Nilichaguliwa kumsindikiza mtoto, nikaketi kando ya rubani. Tulipokuwa angani nilimwuliza kwa nini ng'ombe wachache walimtia hofu. Alinijibu kwamba kugonga ng'ombe ni hatari moja, na kusahau ni hatari ya pili. Ndege yake hukunja magurudumu ikisharuka na huyateremsha kabla ya kutua. Rubani akikatizwa dakika ya mwisho huyakunja tena ili apande upesi. Akirudi mara ya pili, macho yake yako kwa ng'ombe, na akili inamwambia kwamba magurudumu amekwisha kuyateremsha. Ni kweli aliyateremsha, lakini ilikuwa ile mara ya kwanza.

Nilimwuliza kama ndege haina kitu cha kumkumbusha. Alinionyesha taa tatu za kijani, moja kwa kila gurudumu, na akasema ipo honi inayolia rubani akipunguza nguvu ya injini hali magurudumu yamekunjwa. Hata hivyo wamekuwapo marubani waliotua kwa tumbo la ndege huku honi inawalilia masikioni. Mtu aliyeshikwa na jambo moja hasikii jingine. Katika ajali za namna hiyo mara nyingi watu hutoka wazima, lakini propela hupinda, injini hulazimika kufunguliwa, na ndege hukaa chini muda mrefu. Kwa kijiji kisicho na barabara wakati wa masika, hiyo ina maana ya mgonjwa asiyefika hospitali.

Wapo watakaosema kwamba ndege nyingi za vijijini zina magurudumu yasiyokunjwa. Ni kweli, lakini usahaulifu hauishii kwenye magurudumu. Baadhi ya ndege ndogo zina tangi la mafuta katika kila bawa, na rubani ndiye anayechagua injini inywe tangi lipi. Akisahau kubadili, injini inaweza kuzimika karibu na ardhi wakati tangi la pili lina mafuta tele.

Wengine watasema rubani mzoefu hasahau. Hao wamekosea. Tarehe 30 Oktoba, 1935, huko Dayton, Marekani, ndege mpya ya kivita ya Boeing yenye injini nne ilirushwa na Meja Ployer Hill, rubani hodari wa majaribio. Kufuli inayozuia usukani wa mkia usitikiswe na upepo wakati ndege imeegeshwa ilikuwa haijafunguliwa. Ndege iliruka, ikainua pua kupita kiasi, ikaanguka. Hill alikufa, na pia Leslie Tower, rubani wa majaribio wa kampuni hiyo. Baada ya hapo marubani waliandika orodha fupi za mambo ya kukagua kabla ya kuruka na kabla ya kutua, ili mtu asitegemee kichwa chake peke yake.

Dawa hiyo imefika hata mkoani kwetu. Hospitali moja ya Ifakara ilikuwa miongoni mwa hospitali 8 duniani zilizojaribu orodha ya namna hiyo kwa wagonjwa wa kupasuliwa, chini ya Shirika la Afya Duniani. Matokeo yalitangazwa mwaka 2009: kwa jumla vifo vilipungua kutoka 15 hadi 8 katika kila wagonjwa 1,000.

Lakini orodha ina adui mmoja, naye ni anayeikatiza. Tulipokaribia mji, rubani wetu alikuwa akiisoma yake kwa sauti, akigusa kila anachokitaja. Mimi nikaona mto, nikamwuliza jina lake. Aliinua mkono kuninyamazisha, akaanza upya tangu mstari wa kwanza. Niliona amenidharau. Tulipotua aliniambia, "Nisamehe, Mwalimu. Nikikatizwa sijui nimeishia wapi, ila nadhani najua."

Huko Marekani, tangu mwaka 1981, marubani wa mashirika ya ndege za abiria wamekatazwa mazungumzo yasiyo ya kazi wanapokuwa chini ya futi 10,000. Katika ndege ndogo rubani mara nyingi yuko peke yake, hivyo sisi abiria ndio wa kuitunza sheria hiyo.

Hivyo basi, nashauri mambo matatu. Kwanza, serikali za vijiji zikomeshe malisho viwanjani, na ziweke watu wazima wa zamu kuondoa mifugo kabla ndege haijafika. Pili, abiria tunyamaze tangu ndege inapoanza kushuka, isipokuwa mtu akiona hatari. Tatu, tuache kumcheka rubani anayezunguka. Rubani anayeogopa kuchekwa atalazimisha kutua.

Mtoto yule sasa anatembea na amerudi darasani. Ng'ombe nao bado wako kiwanjani, na masika hayako mbali.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mkoa wa Morogoro.