Sheria ya ua itangulie ukuta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili niseme machache juu ya jambo ambalo limeanza kutugombanisha sisi wananchi wa Chiungutwa, Wilaya ya Masasi, na ambalo naamini wenzetu wa Newala na wa mikoa mingine wanalo pia. Jambo lenyewe ni ujenzi wa ua na kuta za kuzunguka nyumba zetu.

Tangu zamani ua wa huku kwetu ulikuwa wa mianzi, wa mabua, au wa minyaa iliyopandwa. Ua wa namna hiyo ulikuwa na faida moja ambayo hatukuithamini, nayo ni kwamba ukikosewa ulihamishika. Mzee akiambiwa na jirani yake kwamba amevuka mpaka kwa hatua mbili, vijana waling'oa mianzi asubuhi, na kufika adhuhuri ugomvi ulikuwa umekwisha.

Siku hizi mambo yamebadilika. Korosho zikipata bei nzuri, kama mwaka 2024 zilipovuka shilingi 4,000 kwa kilo mnadani, watu hufyatua matofali, hununua saruji na kujenga kuta. Mimi siwalaumu hata kidogo. Mtu aliyetoa jasho shambani ana haki ya kulala kwa usalama na kulinda magunia yake dhidi ya wezi. Lakini ukuta wa matofali hauhamishiki. Kosa lililokuwa la hatua mbili za mianzi sasa limekuwa kosa la fedha nyingi, na hakuna anayekubali kulibeba.

Katika kitongoji kimoja cha huku kwetu, mwananchi mmoja alijenga ukuta mzuri kabisa ambao umekatisha njia ya miguu iliyokuwa ikitumiwa na watu kwenda zahanati. Tangu hapo mgonjwa akibebwa huzungushwa mpaka barabara kubwa, na watoto wa shule nao hupita huko huko penye magari na pikipiki. Majirani walipolalamika, mwenye ukuta aliuliza swali moja tu: ni sheria gani iliyoandikwa kwamba hapa ni njia? Hakuna aliyeweza kumjibu. Mimi mwenyewe nilikuwepo, na nilikosa la kusema. Ukuta upo, njia haipo, na watu waliokuwa wakikopeshana chumvi sasa hawasalimiani. Mwenye ukuta si mtu mbaya. Angeambiwa mapema, angerudi nyuma hatua chache na ukuta wake ungekuwa mzuri vile vile.

Ndugu Mhariri, chanzo cha matatizo haya kinaeleweka. Vijiji vyetu vingi vilipangwa wakati wa kuhamia vijijini katika miaka ya 1970. Familia zilionyeshwa viwanja kwa macho na kwa hatua, na mipaka ikawa mwembe, mkorosho au jiwe. Njia za miguu hazikuchorwa popote. Zilikuwa njia kwa sababu watu walipita. Wazee walioonyeshwa mipaka hiyo wengi wameshatangulia mbele ya haki, na miti mingine imekatwa. Kumbukumbu inapokwisha, ndipo matofali yanapofika.

Wapo wanaosema kwamba kiwanja ni changu na ukuta ni wangu, hivyo nisiulizwe. Hoja hiyo si sahihi. Kwa mujibu wa sheria zetu, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Sisi tunayo haki ya kuitumia, na haki hiyo inakwenda pamoja na wajibu kwa jirani.

Kwa upande wa barabara kuu funzo tumekwisha kulipata. Sheria ya Barabara Na. 13 ya mwaka 2007 iliongeza eneo la hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 45 hadi mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Nchi nzima tuliona nyumba na kuta zikichorwa alama ya X, na wengi walilia kwamba hawakujua. Mwaka 2023 Serikali ilisaini mikataba ya kujenga kwa lami kilomita 160 za barabara ya Mnivata, Newala hadi Masasi. Anayejenga ukuta kando ya barabara hiyo bila kupima anatupa fedha zake kwa mikono yake mwenyewe.

Lakini sheria hiyo ya barabara kubwa haisemi lolote juu ya kichochoro kati ya nyumba yangu na yako. Hilo ni letu wenyewe. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982 inaipa Halmashauri ya Kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Rasimu hupelekwa kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji ili wananchi watoe maoni yao, kisha hupelekwa Halmashauri ya Wilaya kuidhinishwa. Kwa hiyo hatuna sababu ya kusubiri mtu kutoka mbali. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Napendekeza sheria ndogo hiyo iwe na mambo haya:

Kwanza, kabla ya kuchimba msingi, mwenye kujenga awaite majirani wa pande zote pamoja na mwenyekiti wa kitongoji, mpaka ukaguliwe, na makubaliano yaandikwe katika daftari la kijiji.

Pili, njia za miguu za zamani zitajwe moja moja na kuandikwa, na kila njia iachiwe upana wa kupitisha mgonjwa, jeneza na mkokoteni.

Tatu, kila ukuta uachiwe matundu na mfereji wa kupeleka maji ya mvua mahali pasipodhuru. Mvua za masika hazijui mwenye kiwanja. Ukizibia maji kwako, yatabomoa jiko la mwenzako.

Nne, penye kona ukuta uwe mfupi au urudi ndani, ili dereva amwone mtoto kabla hajamgonga.

Tano, minyaa isipandwe kandokando ya njia wanayopita watoto, maana utomvu wake ukiingia machoni ni hatari.

Sita, asiye na uwezo asilazimishwe kujenga kwa matofali. Ua wa mianzi uheshimiwe kama ukuta.

Najua wengine watahofu kwamba sheria kama hii itageuzwa kuwa mtego wa faini, na hofu yao ina msingi. Kwa hiyo iandikwe wazi kwamba kuandikisha ua ni bure, na kwamba panapotokea ugomvi, Baraza la Ardhi la Kijiji lisuluhishe kwanza kabla ya jambo lingine lolote. Shabaha yetu ni kulinda ujirani, wala si kutafuta mapato. Aidha, kuta zilizokwisha jengwa zisivunjwe kwa jazba. Wenye kuta hizo na majirani wakae chini watafute mlango au njia nyingine, na kijiji kisaidie.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tunajenga ukuta na ufa tunauacha, tena ufa wenyewe uko kati ya mtu na jirani yake. Nawaomba viongozi wetu wa vijiji waliweke jambo hili katika ajenda ya Mkutano Mkuu ujao, na sisi wananchi tuhudhurie kwa wingi, kina mama wakiwemo, kwa sababu wao ndio wanaozitumia njia hizi zaidi kuliko sisi. Msimu mwingine wa korosho utafika, na matofali yatafyatuliwa tena. Daftari na liwe tayari kabla ya hapo.



Mkazi wa Chiungutwa,
Masasi.